Nyonga ya Hetty Aspinall

Kosa alilolifanya daktari mpasuaji, Bwana Threlfall, siku ile, angelifanya London lisingemdhuru hata kidogo. Kule angeingia ofisini mwake, akafunga mlango wa kioo, akamwaga siri zake zote, na wagonjwa wasijue lolote. Lakini alilifanya huku kwetu Lancashire, mbele ya wodi ya wanawake kumi na sita, na kumi na mmoja kati yao walikuwa wafumaji wa pamba. Jamani! Mfumaji humfungii kioo.

Maana kiwandani, mitambo mia nne ikivuma kwa pamoja, sauti ya binadamu haina kazi. Msichana huingia na miaka kumi na minne, na kabla hajajua kuunga uzi uliokatika anajua kusoma midomo. Wanawake wetu hupanua vinywa na kuvuta mashavu, wakasengenyana kutoka ukuta hadi ukuta: nani kaposwa, nani kaachwa, nani mumewe kaonekana wapi. Meneja hupita katikati yao asiambulie neno. Hetty Aspinall alikuwa na miaka thelathini na minane ya kazi hiyo. Aliweza kumsoma mtu aliye ng'ambo ya barabara, mvua inanyesha, na mtu mwenyewe ana kiko mdomoni.

Alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, asiyependa kuambiwa "kaa." Ndiyo maana nyonga ya kushoto ilipoanza kumla alikasirika zaidi ya kuumia. Miaka sita alichechemea. Kila mwezi wa Juni, Siku ya Matembezi, mji mzima unapofunga maduka na makanisa yote yanaandamana na bendera zao, Hetty alitolewa nje akawekwa kwenye kiti mlangoni kama kifurushi kinachomsubiri mwenyewe. Wenzake wa kanisani wakimpungia mkono, yeye anawanunia.

Mwaka 1958 Bwana Threlfall alimpasua, katika hospitali ya kilimani iliyokuwa zamani ya wagonjwa wa kifua kikuu. Alikata kichwa cha mfupa kilichooza, akaweka kirungu cha chuma, na kwenye tundu la nyonga akabandika kikombe cha plastiki nyeupe, yenye utelezi kama mafuta ya nguruwe. Hetty aliposimama mara ya kwanza alilia. Mumewe, Amos, akauliza inauma wapi. "Haiumi, mjinga wewe," akamjibu, "ndiyo maana nalia." Juni iliyofuata alitembea na bendera ya kanisa lao tangu kengele ya kwanza hadi ya mwisho, ameshika utepe unaoning'inia upande wake wa kushoto, na waliompungia safari hii aliwapungia mpaka mkono ukamchoka.

Starehe ile ilidumu miaka miwili na kitu. Kisha ndani ya nyonga kukaanza mlio, kama mtu anayesaga chumvi ya mawe. Maumivu yakarudi. Siku moja Amos akamwambia, "Mama, upindo wa sketi yako umeshuka upande mmoja." Hetty akaipima sketi kwa futi ya kushonea. Sketi ilikuwa sawa. Mguu ndio uliokuwa umefupika.

Basi Aprili 1962 yuko wodini tena, kitanda cha tisa, kinachotazamana na ofisi ya kioo. Kitanda cha kumi yuko Bella Ollerton, shoga yake wa kiwandani tangu usichana, aliyewekewa kikombe kama chake miezi michache baada yake. Ndani ya ofisi alisimama Bwana Threlfall, mrefu, mwembamba, mwenye nyusi nyingi, pamoja na Sista Pomfret. Walikuwa wakitazama picha za eksirei zilizobandikwa mbele ya taa.

"Kimelika," Hetty aliusoma mdomo wa Bwana Threlfall. "Kirungu kimekaribia kukitoboa. Sawasawa na wenzake. Na unga wake unakula mfupa."

"Utafanyaje?" aliuliza mdomo wa Sista.

"Nitoe kila kitu, nimwache bila kiungo. Atakwenda kwa magongo. Kingine cha kumwekea sina."

"Na Ollerton?"

"Yeye pia. Wasiambiwe mpaka Jumatatu. Huyu Aspinall ataleta fujo."

Hetty aligeuka. Bella alikuwa ameona. Uso ulikuwa umemshuka. Akauliza kwa midomo tu, bila sauti, kama walivyozoea kiwandani: "Amesema mimi pia?"

"Amesema."

Wodi nzima ilikuwa imeshausoma mdomo ule, na Bi mmoja wa kitanda cha mwisho alikuwa ameshaanza kupenga kamasi. Hetty akateremka kitandani. "Fujo anaiona leo," akasema kwa sauti. "Jumatatu ni mbali." Akashika magongo yake mawili, akavuka wodi, akagonga kioo kwa ncha ya gongo mpaka kikatetema.

"Bi Aspinall!" Sista Pomfret alifungua mlango. "Rudi kitandani."

"Kwa nini, nisije nikalika zaidi?"

"Nani kakwambia maneno hayo?"

"Huyo hapo. Sasa hivi. Amesema unga wangu unakula mfupa, nitoke hapa na magongo maisha yangu yote, na nisiambiwe kwa kuwa nitaleta fujo. Haya, nimeileta."

Bwana Threlfall aligeuka rangi. "Lakini mlango ulikuwa umefungwa."

"Mdomo je?"

Wanawake wakacheka, cheko la hasira. Sista Pomfret, ambaye hakuzaliwa kwetu na hakupenda kuchekwa, akainua kidole. "Asiyesikia la mkuu, Bi Aspinall, huvunjika guu."

"Ebo! Mimi guu limenivunjika kwa kumsikia mkuu! Mkuu alisema miaka ishirini. Hata minne haijatimia!"

Bwana Threlfall alivuta kiti akaketi, na hilo lilimshangaza kila mtu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona ameketi wodini. Alisema ni kweli. Aliiamini plastiki ile kwa sababu ya utelezi wake, na hakungoja kuona inalika kwa kasi gani. Amewawekea watu wengi mno, na sasa kila wiki anarudi mmoja. "Nimewakosea," akasema. "Naomba radhi."

"Radhi nimepokea," alijibu Hetty. "Sahihi ya kunitoa nyonga hupati."

"Sikiliza. Kila mwezi unaosubiri, ule unga unazidi kula. Mfupa ukiisha, hata kikombe cha dhahabu hakitakuwa na pa kushika. Unacheza kamari na mguu wako."

"Wa nani?"

"Wako."

"Haya basi."

Jumatatu Bella alitia sahihi. Hetty alimsihi, akamkaripia, mwisho akamwita mwoga. Bella akairudisha kalamu mezani. "Mimi nimechoka, Hetty. Nataka iache kuuma. Wewe ukitaka kupigana na madaktari, pigana, lakini usinipiganie mimi." Hetty aliona aibu. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na maumivu ya Bella hakuwa akiyasikia yeye. Akamshika mkono mpaka walipokuja kumchukua kwenye machela.

Aliporudishwa, mguu wake ulikuwa mfupi kwa kiganja kizima, umelegea, haushikiliwi na chochote huko juu. Hetty alikitazama kitanda cha kumi siku tatu. Ya nne akauliza ni nani hapa hospitalini anayeshughulika na hizi plastiki, kwa maana madaktari wanakata tu, lazima kuna fundi mahali.

Fundi alikuwepo. Aliitwa Clifford Yates, na karakana yake ilikuwa nyuma ya chumba cha kufulia nguo. Kijana wa watu alishtuka kuona mwanamke mwenye gauni la kulalia na koti la mvua juu yake ameegemea mlango wake kwa magongo.

"Mama, huku wagonjwa hawaruhusiwi."

"Usinifukuze mwanangu, nimetembea mbali na mguu wenyewe ndio huu. Nionyeshe kinachonila."

Clifford akamwonyesha. Alikuwa ameunda mashine kwa mabaki ya vyuma: vifimbo vya chuma vinasugua visahani vya plastiki, mbele nyuma, ndani ya maji, vimekandamizwa kwa uzito wa mtu anayetembea. Kisahani cheupe, ndugu ya kikombe cha Hetty, kilikuwa kimechimbwa shimo unaloweza kutia dengu. "Siku chache tu hizo," alisema Clifford. Pembeni palikuwa na kingine, rangi ya nta ya mshumaa, kinasuguliwa vilevile. Hicho kilikuwa na alama tu, kama ya ukucha.

"Na hiki?"

"Plastiki nyingine. Ngumu zaidi. Kina wiki ya tatu hicho. Bwana Threlfall hataki hata kukiangalia. Anasema ameshadanganywa na plastiki mara moja."

Hetty akakiokota kisahani cha akiba mezani, akakigeuzageuza, akakikwaruza kwa ukucha, akakinusa. Halafu akacheka. "Hiki nakijua! Hiki ni kigongeo!"

Clifford hakuelewa, kwani alikulia kwenye mashamba ya viazi. Hetty akamweleza. Katika mtambo wa kufumia kuna kipande kinachokipiga chombo cha uzi kiruke upande huu, na kingine kinakirudisha, mara mia mbili kwa dakika, kutwa. Zamani vigongeo vilikuwa vya ngozi ya nyati, na vilikwisha kama biskuti ndani ya chai. Miaka mitatu iliyopita kiwanda kikaleta vya plastiki hii. "Kwenye mtambo wangu nilifungiwa siku nilipotoka hapa na nyonga yenu. Nyonga imekwisha. Kigongeo kipo."

Jioni ile akamwagiza Amos akamletee. Sasa Amos alikuwa fundi wa mitambo, na huku kwetu mafundi wa mitambo wana sifa yao. Kuna yule aliyenunua viatu viwili vya kushoto kwa kuwa cha kushoto ndicho kilichoisha kwanza. Amos alikuja kesho yake na pai ya nyama na viazi, na ndani ya karatasi ya stoo, kigongeo kipya kinachong'aa.

"Amos."

"Naam."

"Hiki ni kipya."

"Nimekuchagulia kizuri! Cha zamani nikakuletee cha nini, kimeshapigwa miaka mitatu?"

Wodi nzima iliangua kicheko, hata Bella, aliyekuwa hajacheka tangu Jumatatu. Amos masikini akarudi zake na kofia mkononi. Siku iliyofuata alileta cha zamani, kimejaa mafuta na vumbi la pamba, alichokificha chini ya pai nyingine.

Bwana Threlfall alipopita raundi, Hetty aliviweka vyote viwili kwenye blanketi. "Niambie kipi kimefanya kazi miaka mitatu."

Alitoa kipimo mfukoni, akapima hapa, akapima pale. "Hiki cha vumbi," akasema mwishowe. "Lakini tofauti ni ndogo sana."

"Basi niwekee hiyo."

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mtambo wa kufumia si mwili wa mtu. Kwa sababu ile ya kwanza nayo niliipenda." Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. "Sitamwekea mtu tena kitu nisichokijua."

"Mgonjwa haulizwi uji," alinong'ona Sista Pomfret kwa nesi wa pembeni, na Hetty akaunasa mdomo wake.

"Mimi naulizwa, Sista! Nimekunywa uji wenu mara moja." Kisha akamgeukia Bwana Threlfall. "Unaogopa. Sawa, ogopa. Lakini aliyelika ni nani, wewe au mimi? Ya kwanza uliijaribu ndani yangu bila kunijulisha kwamba ni jaribio. Hii ya pili nijaribie huku nikijua. Nikifa mnitoe hicho kikombe, mkipime, mjue. Lete karatasi, hiyo nitaitia sahihi sasa hivi."

Bwana Threlfall akavichukua vigongeo vyote viwili akaondoka navyo, na Amos alivilalamikia wiki nzima kwa sababu vilikuwa mali ya kiwanda.

Jibu lilikuja kwa mdomo wa Clifford: mashine iendelee kusugua. Ikifika vuli na kisahani kile kingali hai, bwana mkubwa atafikiri. Hetty akarudi nyumbani kungoja.

Usiniulize miezi ile ilikuwaje. Alipanda ngazi kwa makalio, kinyumenyume. Alilala kwenye kiti. Siku ya Matembezi aliwekwa tena mlangoni, na Bella kando yake, bendera ikapita, na wote wawili wakala utumbo kwa siki. Majirani walimwambia anajiangamiza kwa ubishi. Mchungaji alikuja kumweleza habari za kuukubali msalaba. Hetty alimwambia autie begani mwake yeye kwanza, wavuke nao barabara. Lakini usiseme hakuogopa. Aliogopa. Kila mlio wa chumvi nyongani aliuhesabu kuwa ni mfupa unaokwenda, na mara moja Amos alimkuta jikoni amebana kitambaa cha vyombo kwa meno asisikike akilia.

Kilichomshikilia ni kadi za posta. Kila mwisho wa mwezi Clifford alimtumia moja, yenye maneno mawili tu. Mei: Bado kipo. Juni: Bado kipo. Julai, Agosti, Septemba, Oktoba. Hetty alizipanga juu ya tanuri, na aliyethubutu kuzifuta vumbi alikiona.

Novemba Bwana Threlfall alimwita. Hakutoa hotuba. Alisema tu kwamba mfupa uliobaki ni kidogo, haahidi kitu, na akamsogezea karatasi mbili: ya kupasuliwa, na ile nyingine, ya siku ya kufa. Hetty alianza na ya kufa.

Mfupa ulitosha, lakini kwa shida. Alipoamka Bwana Threlfall alikuwa miguuni pa kitanda. "Kimeshika," akasema. Halafu akaanza masharti. Asirudi kwenye mitambo. Asisimame muda mrefu. Matembezi ayasahau. Kila hatua ni msuguano, na kila msuguano ni unga.

"Daktari," alisema Hetty, "nyonga hii umenipa ya kutembelea au ya kuweka kabatini?"

Februari alikuwa mbele ya mitambo yake sita. Juni alishika utepe wa bendera. Maandamano yalipofika mlangoni kwa Bella, aliyekaa kitini na magongo magotini, Hetty alisimama, na bendera ikasimama, na nyuma yake bendi ya matarumbeta, na nyuma ya bendi makanisa mengine yote hadi daraja la mfereji. Mchungaji akauliza kuna nini. "Kuna mtu hajashika utepe," akajibu. Akampelekea Bella utepe ule mlangoni, Bella akaukamata kiganjani kwa muda, na hakuna aliyesogea mpaka Bella mwenyewe alipouachia. Bella alitamani kuwekewa kikombe kama cha Hetty. Madaktari waliangalia. Kwake mfupa haukubaki wa kutosha.

Miaka kumi ikapita namna hiyo. Hetty alikwenda kliniki kila vuli kupigwa picha, na kila vuli aliambiwa apunguze, na hakupunguza. Mwaka 1972 alikwenda na Bella, maana walikuwa hawaachani. Wakakaa kwenye mabenchi pamoja na wanawake wengine thelathini wa umri wao, nusu yao viziwi kwa ajili ya mitambo, wote wana vikombe nyongani. Mbele yao ilikuwa ofisi ya kioo ileile. Bwana Threlfall alikuwa amezeeka, nyusi zimekuwa nyeupe. Aliiweka picha mpya mbele ya taa, na kando yake ile ya kwanza. Akatoa kipimo. Akapima. Akapima tena.

Hetty aligundua kwamba haoni mdomo wake. Alikuwa amewapa mgongo. "Ananificha," alimwambia Bella, na mkono wake ukatafuta mkono wa Bella. "Miaka kumi yote hii, shoga, na bado ananificha."

Ndipo Bwana Threlfall akageuka. Alikisogelea kioo mpaka pumzi yake ikakitia ukungu, akaufuta kwa mkono wa koti. Akamtazama Hetty. Akapanua kinywa, akavuta mashavu, akatoa meno yote, vibaya, kama mtoto wa siku ya kwanza kiwandani, mtu aliyejifunza peke yake mbele ya kioo cha kunyolea. Maneno mawili, bila sauti.

Bado kipo.

Benchi zima liliona. Machozi yalikuwa yakimtoka Hetty na hakuyafuta, ila alinyanyua kidevu, akamjibu kwa midomo, taratibu, ili mwanafunzi aelewe:

"Sema tena. Bella hajaona vizuri."

Akasema tena.